Wanaoana Mwishoni?

Mume wangu alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, siku ya nne tangu alipolalamika kwamba shingo inamkaza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nilikuwa mchapaji katika ofisi moja ya umma pale Songea mjini. Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili ya ndoa.

Sikulia. Nalisema hili mapema kwa sababu watu walilizungumzia sana, na kwa sababu karibu yote nitakayoyasimulia yalitokea nikiwa katika hali hiyo. Msibani wanawake wa ukweni walinishika mabega, wakanitikisa. "Lia, mwanetu, lia, isije ikakukaa rohoni." Nikawatazama midomo yao. Nilielewa kila neno walilosema, lakini hakuna hata moja lililonifikia. Nilikuwa nikiwaza kwamba kuku wa jirani ameingia jikoni na hakuna aliyemwona.

Baada ya arobaini mama alikuja kunichukua, akanirudisha kwake Mshangano. Chumba changu cha usichana kilikuwa kimegeuzwa ghala la mahindi, tukayahamishia sebuleni. Kila asubuhi nilitembea kwenda kazini mjini, nikachapa barua, nikarudi. Mama alikuwa akiniuliza, "Umekula?" nami naitikia, "Nimekula." Wakati mwingine ilikuwa kweli.

Miezi mitano baadaye ofisi ikafungwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Madukani sabuni ilikuwa imerudi, khanga zimejaa, redio za kila aina, na huko maofisini watu wakawa wanapunguzwa. Tulikusanywa uani tukasomewa karatasi. Karani mwenzangu aliyekaa meza ya pili alianguka chini akilia. Mimi nilimshika mkono, nikamwinua, nikampangusa vumbi kwenye sketi. Alinitazama kama amemwona mzimu. "Wewe mwenzetu haikugusi?" akauliza.

Siku ya mwisho tuliambiwa tuchukue vilivyomo katika chumba cha klabu ya wafanyakazi, maana jengo lilikuwa linakabidhiwa likiwa tupu. Watu waligombania viti, mapazia, chupa za chai, hata ubao wa bao. Mimi sikuwa na haraka. Nilipoingia, yalikuwa yamebaki maboksi mawili ya vitabu vya hadithi, ambavyo zamani wenzangu walikuwa wakiazimana na kuvificha chini ya mafaili. Nikayachukua kwa sababu ndiyo yaliyobaki. Nikayasukumia chini ya kitanda na sikuyafungua.

Aliyeyafungua ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alikuwa akiuza mitumba soko kuu, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Jumapili moja alipita nyumbani akitokea misa, akaja kukaa na mimi chumbani, mguu wake ukagonga boksi. Akatoa kitabu cha juu. Jaladani kulikuwa na mwanamume na mwanamke chini ya mwavuli mmoja.

"Hivi ni vya nini?"

"Hadithi."

"Za mapenzi?"

"Sijui, mama mdogo."

"Umelala juu yake mwezi mzima, hujui?" Akatoa kingine, na kingine, akavipanga kitandani kama anavyopanga magauni. "Kesho njoo navyo sokoni. Kukaa humu ndani utaota ukungu."

Ndivyo nilivyoanza. Alinipa nusu ya meza yake, upande wa sweta za watoto, nikapanga vitabu. Havikuuzwa, vilikodishwa. Mtu analipa kidogo, anakaa nacho wiki, anarudisha. Vingi vilikuwa vya Kiswahili, vyembamba, karatasi zimegeuka rangi. Vichache vilikuwa vya Kiingereza, vyenye Wazungu wanaoshikana mikono mbele ya bahari. Vyote, kwa jinsi nilivyoviangalia kwa juu, vilikuwa kitu kimoja: mwanamume, mwanamke, mapenzi. Mtu akiuliza nilimpa kilicho karibu na mkono wangu.

Mteja wa kwanza kunigombeza alikuwa muuguzi wa hospitali ya mkoa, dada wa umri wangu, mwembamba, mwenye saa aliyoibana kifuani kwa pini. Alirudisha kitabu siku ya pili tu, akakitupa mezani.

"Dada, umenifanyia nini? Nilikuuliza kama ni cha mapenzi, ukasema ndiyo."

"Si cha mapenzi?"

"Mwanamke amekufa! Ukurasa wa mwisho kabisa, anakufa, na yule kijana anabaki amesimama mtoni. Mapenzi gani hayo?"

"Walipendana," nikasema. Sikuwa nabishana. Nilikuwa nasoma maneno yaliyoandikwa nyuma ya jalada.

"Sikiliza," akasema, akainama mpaka nikanusa dawa ya hospitali kwenye nguo zake. "Wanaokufa ninao kazini. Siji kukodi wengine. Ninapochukua hadithi ya mapenzi nataka wasumbuliwe, sawa. Wadanganywe, wafitiniwe, watenganishwe hata miaka. Lakini mwisho wapatane. Kama hawapatani, niambie mapema, nisichukue."

Mama mdogo alikuwa anasikiliza huku akikunja suruali. Muuguzi alipoondoka akaniambia, "Mteja hajakosea. Mtu akija kununua sweta, huwezi kumfungia kaptula ukasema vyote ni nguo."

Basi nikaanza kusoma. Sikusoma kwa kupenda. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma barua za ofisini kabla ya kuzichapa, kujua zinakwenda wapi. Nilikaa juu ya fungu la mitumba, nikamaliza kimoja asubuhi na kingine mchana. Watu ndani ya vitabu walipigwa makofi, walikumbatiana, walizimia kwa furaha, nami nikafunua ukurasa. Nilikuwa najua kwamba hapa ndipo msomaji anapotakiwa kushika moyo. Nilipaona pale mahali pa kushika, lakini sikuwa na cha kushika.

Labda ndiyo maana niliona upesi kwamba hazikuwa kitu kimoja. Aliyezama katika maji hana nafasi ya kuyatazama. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mkavu. Niliona kuna hadithi za bosi na karani wake, ambamo mwanamume ni lazima awe mkali mpaka katikati, halafu augue au afilisike ndipo ajue thamani ya binti. Kuna za wodini, za daktari na nesi. Kuna zile ambazo wawili wanaanza kwa kutukanana. Kuna za watemi na wapiganaji wa zamani, ambamo binti wa ukoo huu anampenda kijana wa ukoo ule ulioua babu zake. Na kuna za machozi, kama ile ya mtoni.

Mama mdogo alinipa mabaki ya nguo zisizouzika, nikachana vitambaa, nikawa nafunga kimoja kwenye kila kitabu. Cheusi kwa wanaokufa. Chekundu kwa wanaogombana. Kwa za bosi nilitumia vipande vya tai. Yeye mwenyewe alikuwa akitabiri kwa kutazama majalada. "Huyu ataoa," anasema, "tazama viatu vyake. Huyu hapa ana tabasamu la upande mmoja, huyu atamwacha na mimba." Mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mimi niliyesoma.

Muuguzi alirudi, nikampa ya wodini nikidhani nimempatia. Akasoma kurasa mbili akiwa amesimama palepale, akaguna. "Daktari ana muda wa kusimama dirishani na nesi kutazama mwezi? Hata muda wa kutafuta glovu hana. Nipe ya bosi. Ofisini sijawahi kufanya kazi, nitaamini lolote." Tangu siku hiyo nikajua kwamba mtu hapendi kudanganywa kuhusu kile anachokijua, lakini kwa kisichomhusu yuko tayari.

Mama mmoja wa kwaya naye alikuwa na sharti lake. Alitazama huku na huku kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wakishaingia chumbani na kufunga mlango, mwandishi abaki nje." Kwa ajili yake nilipitia maboksi yote, nikapata saba ambamo mwandishi anabaki nje. Alizisoma, akaanza upya, akazisoma tena.

Lakini aliyenifanya ninyanyue kichwa alikuwa mama kutoka Nalasi, huko Tunduru. Alikuwa mfanyabiashara, mtu mzima, amejitanda khanga juu ya gauni refu. Alikuwa akija Songea kila baada ya wiki kadhaa na korosho zake, akiondoka na nguo alizochukua kwa mama mdogo. Njia ilikuwa mbaya, masika wakati mwingine alikwama siku mbili tatu porini, ndiyo maana alitaka kitu cha kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una yenye nikaha mwanzoni?"

Sikumwelewa. "Zinazoishia kwa harusi ninazo nyingi," nikamwambia.

"La, hizo nimezichoka. Mimi niliolewa na mtu niliyemwona mara moja tu, amesimama na baiskeli yake nje ya nyumba ya baba. Mapenzi yalikuja mwaka wa tatu, tuko shambani tunapalilia mikorosho. Hata siku naijua. Sasa hadithi inayoishia harusini, kwangu mimi haijaanza."

Nilizipata mbili tu. Msichana anaozwa na wazazi kwa mtu asiyemjua, kisha kidogo kidogo, kwa jambo la chakula, kwa jambo la ugonjwa, wanazoeana, wanapendana. Alipozirudisha alisema ya pili ni ya uongo, kwa sababu mume alimpenda mke ghafla alipomwona anaoga. "Haiji hivyo," akasema. "Inakuja ukiwa umechoka."

Mwaka ulipita hivyo. Nilikuwa nimejua watu zaidi ya mia wanataka nini katika mapenzi, na mimi mwenyewe ningeulizwa mchana huo nataka kula nini, nisingejua.

Kipupwe kilichofuata akaanza kuja mwanamume mmoja. Alikuwa seremala wa kijiji kimoja upande wa Hanga, ufundi aliufundishwa na mabruda wa monasteri. Alikuwa na mikono mikubwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Wanaume walikuwa wakija, lakini wengi walisema wanamchukulia dada au mchumba. Huyu alisema wazi.

"Mke wangu amelazwa. Namsomea saa za kuona wagonjwa. Anapenda zile za ugomvi."

Nikampa chenye kitambaa chekundu. Baada ya siku nne akakirudisha. "Amefurahi. Anasema wakianza kugombana ukurasa wa tatu, basi kitanda cha ndoa kimeshachongwa."

Muuguzi alinieleza mengine. Seremala alikuwa akisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, polepole kama mtoto wa darasa la tatu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza kumsikiliza. Walipofika mahali pa kutukanana, mkewe alikuwa akisema maneno ya mwanamke na yeye ya mwanamume. Mgonjwa mmoja mzee alikataa kuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka ajue kama yule kondakta atamwomba radhi mwenye duka. "Wodi imekuwa kama sinema," muuguzi akasema, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hatapona, lakini."

"Yeye anajua?"

"Wote wawili wanajua."

Hadithi ya kondakta na mwenye duka ilikuwa ya tano au ya sita. Ilikaa wiki, ikakaa ya pili, ya tatu. Sikuuliza. Muuguzi alipita akasema tu, "Tumempoteza mke wa seremala," akaendelea na safari yake maana alikuwa anawahi zamu.

Seremala alikuja siku ya soko, asubuhi, kumejaa. Alikuwa amenyoa nywele. Alikiweka kitabu mezani, na kati ya kurasa zake umetokeza ujiti wa fagio, kuonyesha walipofikia.

"Niambie," akasema. "Walipatana?"

Nikatazama ujiti. Zilikuwa zimebaki kurasa kama ishirini. "Kwa nini hukumalizia?"

"Tulikuwa tunasoma wawili."

Watu walikuwa wakichagua nguo pande zote mbili. Mama mdogo aliacha kuita wateja. Nikaanza kumweleza, kwa sauti ile ile niliyotumia kumsomea mkubwa wangu barua aliyoniamuru kuchapa. Kwamba kondakta alifukuzwa kazi kwa kumtetea abiria. Kwamba mwenye duka alisikia habari hizo kwa mtu mwingine akajifanya hajali. Kwamba siku ya mvua alikuwa anafunga duka, mlango umegoma kwa unyevu, mkono wa kondakta ukaja juu ya wake kuusukuma. Hawakuambiana neno la mapenzi hata hapo. Walitukanana kidogo, kisha wakacheka. Kurasa za mwisho ni harusi.

"Mke wangu alijua," seremala akasema. "Alisema ni mlango. Tangu walipotaja kwamba mlango ni mbovu, akasema utawaunganisha mlango."

Akaweka kichwa chake juu ya rundo la nguo akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya soko. Mama mdogo alichukua sweta ya mtoto, mpya kabisa katika zile alizozitenga, akampa ajifute. Mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Nilimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani. Niliona kwamba anafanya jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya, na kwamba analifanya vizuri.

Alipotulia aliuliza, "Ipo ya mtu aliyefiwa? Anayeanza tena?"

Nilijua maboksi yale kwa kichwa. Wajane walikuwamo. Alikuwamo mjane tajiri anayewaharibu vijana, mjane mchawi, mjane mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyependwa. "Hakuna," nikasema.

"Basi wewe andika," mama mdogo akadakia. "Si ulikuwa mchapaji?"

"Kuchapa siyo kuandika, mama mdogo."

"Tofauti yake nini?"

Nikakaza kitambaa kilicholegea kwenye kitabu kimoja.

Nilinunua kaunta buku, nikaanza kuandika asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Nilikuwa najua sheria zote. Niliandika nikiwa na kila msomaji mbele yangu. Kwa ajili ya muuguzi, mjane wangu atapata mume, na mume huyo si daktari. Kwa ajili ya mama wa kwaya, mlango utafungwa na mimi nitabaki nje. Nilimpa ugomvi ukurasa wa tatu kwa heshima ya marehemu mke wa seremala. Nilimpa mama mkwe mkorofi, barua iliyopotea, safari, homa, kurudi. Nilimaliza kwa wiki sita. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, sikukata hata mstari.

Muuguzi alikisoma kwa siku moja. "Wameoana, nimefurahi," akasema. Mama wa kwaya alisema hakuna neno la kumkwaza. Seremala alikaa nacho muda mrefu, akakirudisha na kusema "Ahsante sana," na hakuongeza kitu. Nilipokea sifa zao kama nilivyopokea pole za msibani.

Mama wa Nalasi alifika na korosho zake, akakichukua kwenda nacho gesti. Baada ya siku mbili alirudi, akavuta kiti cha mama mdogo, akakaa kabisa.

"Mwanangu, usinichukie."

"Sikuchukii, mama."

"Umetupa wote tulichotaka. Mimi umeniwekea hata eda, mwanamke hatoki nje mpaka imeisha, na wewe si Mwislamu. Nimeona umenifikiria. Lakini huyu mjane wako hana mtu ndani. Aliyekufa ni nani? Umeandika 'mumewe alifariki', mstari mmoja, halafu tunakwenda kwa mume mpya. Mimi nitafurahije kwamba amempata wa pili wakati wa kwanza simjui?"

Nikaivuta kaunta buku upande wangu.

"Wa kwako alikuwaje?" akauliza.

Watu walikuwa wameniuliza alikufaje. Walikuwa wameniuliza kama aliacha kiwanja, kama ukweni wananitendea vizuri, kama nitaolewa tena. Hilo la alikuwaje lilikuwa geni. Nilifungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka.

"Alikuwa anapenda ukoko," nikasema.

"Ukoko wa wali?"

"Wa ugali. Alikuwa anasubiri sufuria ipoe, anaukwangua kwa kijiko, anakula amesimama. Nilikuwa namwambia wewe mwalimu, wanafunzi wako wakikuona. Akawa anafunga mlango kwanza."

Mama wa Nalasi hakucheka wala hakunipa pole. "Enhe," akasema.

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba alikuwa anasahihisha madaftari huku ananisomea majibu ya ajabu ya watoto. Kwamba hakuwa hodari wa kuimba lakini aliimba, na kanisani watu wa mbele waligeuka. Kwamba aliogopa panya kuliko mimi. Kwamba tuligombana Jumatatu kuhusu ndoo, na Jumanne akasema shingo inamkaza, na mimi bado nilikuwa na hasira ya ndoo, nikamwambia alilala vibaya. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Mama mdogo alikuwa amegeuka upande mwingine, anakunja nguo ile ile.

Nilipomaliza nilingoja machozi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba hapo ndipo yanapokuja. Hayakuja. Kilichokuja ni njaa. Tumbo lilinikamata kwa nguvu mpaka nikashika meza. Nilikuwa sijasikia njaa tangu msiba, karibu miaka miwili, nilikuwa nakula kwa sababu ni saa ya kula. Nikaenda kwa mama ntilie nyuma ya soko nikala ugali na dagaa wa Nyasa, nikaomba sahani nyingine, nikaimaliza nayo. Mama ntilie akaniuliza kama nina mimba.

Wiki ile nilichana kurasa za mwanzo za kaunta buku, nikaandika nyingine. Nilimwandika marehemu. Sikumwandika wa kwangu hasa, nilimpa kazi nyingine na sura nyingine, lakini alikula amesimama. Sehemu ya pili yote ilibidi ibadilike, kwa sababu mjane sasa alikuwa na mtu wa kulinganisha naye, na yule mume mpya niliyekuwa nimemchonga vizuri alionekana kama picha ya kalenda. Nikamfanya awe na aibu. Nikamwondolea barua iliyopotea. Hawakuendelea haraka. Sikulia wakati wa kuandika pia, mkono tu ndio uliokuwa ukiuma.

Mama wa Nalasi alikichukua safari iliyofuata na hakukirudisha. Kila akija alisema kiko kwa jirani, kiko kwa shoga yake, kiko kwa wanawake wanaobangua korosho, mmoja anawasomea wengine wakifanya kazi. Kisha mumewe akaugua, safari zake zikakoma.

Meza yetu haikudumu sana. Mabanda ya video yalifunguliwa mjini, magazeti ya hadithi za mapenzi yakawa yanashuka na mabasi kila wiki, yana picha, na vitabu vyangu vilikuwa vimechakaa kwa kushikwa. Muuguzi alihamishiwa Mbinga. Seremala alioa tena, alinialika, nilikwenda, na wakati wa kula aliniletea sahani yangu mwenyewe kwa mikono yake. Mimi nilipata kazi ya kuchapa katika shule moja ya sekondari, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Kulia nililia, kwa taarifa ya wale waliokuwa na wasiwasi. Ilikuwa miaka mingi baadaye, mama mdogo alipoacha biashara na kunigawia fungu la mwisho la sweta zisizouzika. Nililia siku mbili. Sikuolewa tena. Alikuwapo mtu mmoja, muda fulani, na hilo ni lake na langu.

Nilipokuwa bado pale shuleni alikuja mwanamke kijana ambaye simjui, ameleta mtoto wake kuanza kidato cha kwanza. Tulipokuwa tunajaza fomu aliniambia ametokea Nalasi. Nikamuuliza kama anamfahamu mama fulani wa korosho. Akasema ni bibi yake, amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kisha akaniangalia vizuri.

"Ni wewe wa lile daftari?"

Nikasema ni mimi.

"Lilirudi kwetu halina kurasa za mwisho. Zilinyeshewa. Basi mtu aliandika mwisho wake, kwa mwandiko mwingine. Mimi nimekua na huo."

"Wanaoana?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo, kalamu mkononi. "Hawaoani. Yule mwanamume anamsaidia kupanda mikorosho, halafu wanakaa wanaisubiri izae. Inaishia hapo. Wengine walikasirika sana, bibi alikuwa mmoja wao. Alisema aliyeandika ametunyima."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mdogo," akasema. "Nilitaka tu kujua kama ilizaa." Akaniuliza jina la mlezi liandikwe kwenye mstari upi, nikamwonyesha.